Kitufe cha Nakataa

Nchi ninayotaka kuisimulia ina jina zuri na bendera yenye rangi nyingi kuliko doti ya kitenge, lakini jina hilo sitalitaja. Sheria mpya inakataza kumtaja yeyote bila ridhaa yake, na mimi nchi hiyo sijaiuliza. Nayo, kusema kweli, haijawahi kuniuliza mimi. Kwa hiyo hatudaiani.

Ridhaa ilitufikia kutoka Ulaya. Sisi ni wakulima wa maua, na Wazungu walikuwa wakiyaagiza kupitia tovuti ya Serikali. Siku moja wakaandika, kwa adabu sana, kwamba kwao kuna sheria ya faragha: tovuti hairuhusiwi kumwekea mtu kuki kabla ya kumwuliza kama anakubali. Tovuti isiyouliza, maua yake yatanyaukia shambani.

Baba Mlezi wa Taifa, ambaye nchi nyingine wangemwita Rais tu, hakuchelewa. Aliunda Wizara ya Ridhaa na Hiari, akamteua Mheshimiwa Bahatisha Ngwembe kuwa waziri wake. Mheshimiwa hakuulizwa kama anataka. Alisikia uteuzi wake redioni akiwa kwa kinyozi, akakimbilia kuapishwa huku upande mmoja wa kichwa haujanyolewa.

Kazi ya kwanza ya Wizara ya Ridhaa ilikuwa kukamata biskuti, maana mtu aliyesoma kidogo alieleza kwamba kuki ni biskuti. Askari waliingia madukani na kwenye matanuri. Mwoka biskuti mmoja, Mama Chausiku, aliulizwa kama amewahi kumpa mtu kuki bila kumwomba ridhaa.

"Watoto wa jirani nawapa kila siku," akasema. "Tangu lini mtoto akaulizwa kama anataka biskuti?"

Wakaandika kwamba amekiri. Alikaa ndani mpaka mtaalamu wa Kiswahili alipoitwa Ikulu, akaeleza kwamba kuki za Wazungu haziliwi. Kwa lugha yetu zinaitwa vidakuzi, kwa sababu zinadakua: zinajibanza ndani ya simu ya mtu, zinakumbuka alikopita na alichotazama, kisha zinakwenda kusema.

Baraza zima la mawaziri likageuka kumtazama Mkuu wa Usalama.

"Mbona vidakuzi tunao," Mkuu wa Usalama akasema. "Tena wengine wameshastaafu."

"Hao wetu hawaulizi," mtaalamu akajibu. "Wa Ulaya sharti waulize kwanza."

Mkuu wa Usalama alifikiri, kisha akasema kwa huzuni ya kweli, "Kidakuzi akianza kwa kuuliza, atapata nini cha kusema?"

*

Ikabidi aitwe fundi aliyeitengeneza ile tovuti ya maua. Alikuwa kijana anayeitwa Shomari, mwenye kibanda nyuma ya soko la kuku. Lakini kabla sijaeleza alivyoitwa, lazima nieleze habari ya daraja, ingawa daraja lenyewe halikuwepo.

Mwaka uliotangulia Serikali ilijenga daraja juu ya Mto Lugela. Siku ya uzinduzi kikundi cha ngoma kilipangwa katikati ya daraja, kicheze mpaka Baba Mlezi afike akate utepe. Baba Mlezi alichelewa. Vijana wakaamriwa waendelee kucheza, tena kwa nguvu zaidi, ili wageni wasitambue kwamba amechelewa. Walicheza tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Daraja likachoka kabla yao.

Taarifa ya Serikali ilitoka jioni ile ile. Ilisema kwamba daraja huwa daraja pale utepe unapokatwa. Utepe haukukatwa. Kwa hiyo hapakuwa na daraja, na mtu hawezi kuanguka kutoka kwenye daraja lisilokuwepo. Wachezaji wakaandikwa kuwa "hawajarejea kutoka mazoezini". Kuwatafuta mtoni kukapigwa marufuku, kwa kuwa hakuna aliyepotea. Kuwawekea matanga kukapigwa marufuku, kwa kuwa hakuna aliyekufa. Sisi wananchi tulishukuru kwamba msiba mkubwa namna ile haukutokea.

Miongoni mwa ambao hawakurejea alikuwa Sikudhani, binti pekee wa jirani yangu Bi Mwantumu. Sikudhani alikuwa na kicheko kinachoanza kabla mzaha haujakwisha, hata mwenye mzaha akawa anausahau. Alikuwa mchumba wa Shomari. Posa ilikuwa imeshapokewa, na harusi ilipangwa baada ya mavuno ya mpunga.

Sasa, kwa kuwa Sikudhani alikuwa hajarejea tu, sheria ilitaka apakuliwe chakula. Afisa wa mtaa alipita kila jioni kukagua. Familia isiyompakulia mtu wake ilikuwa inaamini uvumi, na kuamini uvumi ni kosa. Bi Mwantumu akawa anapakua sahani mbili, yake na ya mwanawe, na Shomari akawa anakuja kuila ile ya pili ili isimwagwe.

Nilikuwa nawasikia kupitia ukuta.

"Kula, baba, kitapoa."

"Nakula, mama."

"Umeongeza chumvi?"

"Hapana, mama. Inatosha."

"Yeye angeongeza," Bi Mwantumu alisema, na hapo mazungumzo yao ya siku ile yakawa yamekwisha.

*

Shomari alipofika wizarani, Mheshimiwa Ngwembe alikuwa ameshamaliziwa kunyolewa. Alimkaribisha vizuri.

"Kijana, faragha unaifahamu?"

"Kidogo, mheshimiwa."

"Mimi nilidhani ni mambo ya chumbani. Nimeambiwa ni ya kwenye simu. Haya, Wazungu wanataka nini hasa?"

"Wanataka mtu akifungua tovuti, kwanza litokee tangazo. Limweleze kwamba tunatumia vidakuzi na vya kazi gani. Kisha aulizwe. Kuwe na kitufe cha Nakubali na kitufe cha Nakataa."

"Kitufe cha nini?"

"Cha Nakataa, mheshimiwa."

Katibu muhtasi aliacha kuchapa. Mheshimiwa akamwambia Shomari arudie, akarudia.

"Haiwezekani vikawa Nakubali na Nakubali Kidogo?"

"Mkaguzi wao ataikataa tovuti."

"Yeye ana hicho kitufe?"

"Yeye hakihitaji, mheshimiwa."

Mheshimiwa akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani. "Kiweke! Kwani kuna nini? Watu wetu nawajua. Tangu tupate uhuru hakuna aliyekataa kitu. Kura zetu huwa asilimia mia, na mwaka ule wa neema zilizidi. Kiweke kitufe chako, kipigwe na vumbi."

"Nitakiweka, mheshimiwa. Lakini nina ombi."

"Sema."

"Nipatiwe cheti cha kifo cha Sikudhani binti Mfaume. Mama yake apate kuweka matanga."

Hapo kicheko kikaisha. Mheshimiwa hakuwa mtu mbaya. Wanaomfahamu wanasema alipokuwa Waziri wa Mifugo aliwahi kumlilia ng'ombe. Aligeukia dirishani.

"Huyo ni wa mazoezini?"

"Ndiye."

"Kijana, cheti cha kifo kinahitaji kifo."

"Kipo, mheshimiwa."

Waziri akateremsha sauti. "Mkaguzi akiridhika, hilo jambo lako nitalitazama."

Kwetu hakuna ahadi kubwa kuliko nitalitazama. Kuna watu wamezeeka nayo na kuwaachia watoto wao. Shomari aliibeba mpaka kwa Bi Mwantumu kama mtu aliyebeba yai kwenye kijiko.

"Atalitazama kwa macho gani?" Bi Mwantumu aliuliza, akiendelea kuchambua mchicha.

"Sijui, mama. Niifanye kazi yao au niiache?"

"Ifanye, baba. Mfa maji…" akaanza. Methali ile ilikuwa imeshakuwa nzito katika nyumba yake. Akamalizia kuchambua mchicha bila kuimaliza.

*

Bibi Mkaguzi alikuja kutoka Ulaya na mkoba mdogo. Mbele ya mawaziri wote alifungua tovuti, tangazo likatokea, naye akabonyeza Nakataa. Mawaziri walitazama mlangoni kuona nani anaingia kumkamata. Hakuingia mtu. Kwenye kioo kukatokea maneno ambayo Shomari aliyaandika kwa uangalifu: *Tumeheshimu uamuzi wako. Unaweza kuendelea.*

"Inafanya kazi," Bibi Mkaguzi akasema. Akapewa shada la maua, akarudi kwao.

Mambo yangeishia pale, kama si wauza mitumba. Mmoja wao alifungua ile tovuti kutafuta picha ya waridi ya kubandika kwenye meza yake, akarudi kwa wenzake macho yamemtoka.

"Jamani, Serikali inauliza."

"Inauliza nini?"

"Inauliza kama unakubali. Usipotaka, unakataa."

"Halafu wanakuja?"

"Hawaji. Inakwambia tumeheshimu uamuzi wako."

Nimeishi nchi hii maisha yangu yote, na sijawahi kuona habari ikienda haraka vile. Watu ambao hawakuwahi kununua hata ua la kuweka kaburini walianza kufungua tovuti ya maua. Wasio na simu walikwenda kwa wenye simu. Wasiojua kusoma walisomewa. Kibanda cha Shomari kilijaa wazee waliovaa makoti yao ya Idi na Krismasi, kwa sababu waliona jambo kama lile haliendewi na nguo za shamba.

"Mjukuu wangu," mzee mmoja alimwuliza, "hapa ndipo pa kukatalia?"

"Hapa unakataa vidakuzi tu, babu."

"Ndiyo, hao nawakataa. Na shamba langu lililochukuliwa, nalikatalia hapa hapa au kuna dirisha jingine?"

"Kitufe ni hicho kimoja, babu."

"Basi nitakibonyeza kwa nguvu."

Akakibonyeza kwa nguvu kweli, akasomewa yale maneno ya heshima, akaomba asomewe tena. Alipotoka nje aliwaambia waliokuwa wakingoja, "Mimi nimeshaheshimiwa," akaenda zake nyumbani taratibu.

Bi Mwantumu naye akaja. Alikuwa na simu ya Sikudhani. Siku ya daraja wachezaji waliambiwa waziache simu nyumbani zisiharibu sare, na Bi Mwantumu tangu hapo alikuwa akiichaji kila asubuhi.

"Nionyeshe na mimi," akasema.

"Mama, hili si jambo la daraja. Ni la vidakuzi."

"Najua. Nionyeshe."

Alilisoma tangazo lote, taratibu, mpaka nukta ya mwisho. Naamini ndiye mtu wa kwanza kufanya hivyo, si kwetu tu.

"Limeandikwa kwa adabu," akasema. "Umeliandika wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Siku ile nilikuwa ukingoni, nimembebea uji. Akawa ananionyesha miguu yake kutoka kule juu, hivi, kwamba imechoka. Ningekuwa na sauti ya kufika kule ningemwambia shuka. Hakuna aliyemwuliza kama anataka kuendelea."

Akabonyeza Nakataa kwa kidole gumba, na kidole akakiacha pale pale. Aliposoma kwamba uamuzi wake umeheshimiwa, alivuta upindo wa kanga akajifunika uso. Tangu daraja, ilikuwa mara ya kwanza kulia mbele ya watu. Shomari alisimama kati yake na barabara ili afisa wa mtaa akipita asimwone.

*

Baraza la mawaziri lilikutana kwa dharura. Waliokataa walikuwa wengi kuliko waliowahi kupiga kura.

"Hawa watu wote walikuwa wapi siku zote?" Mheshimiwa Ngwembe aliuliza. Alikuwa amekonda.

Shomari aliitwa. Safari hii aliyeuliza maswali alikuwa Mkuu wa Usalama, tena kwa upole.

"Mtu akishakataa leo, kesho akirudi anaulizwa upya?"

"Haulizwi, mkuu. Tovuti inakumbuka kwamba alikataa."

"Inamkumbukaje, na yeye amekataa kukumbukwa?"

Shomari aliniambia baadaye kwamba alitaka kusema hajui. Lakini hakuweza kudanganya, maana jibu lilikuwa limeandikwa kwenye tangazo, na alikuwa ameliandika mwenyewe.

"Inaweka alama moja ndogo kwenye simu yake. Ya kuonyesha kwamba huyu alikataa. Ndivyo inavyofanyika kila mahali."

"Na hiyo alama inaitwaje?"

"Kidakuzi, mkuu."

Mkuu wa Usalama aliinuka, akazunguka meza, akampa mkono. "Kijana, nilikudharau," akasema. "Miaka yote hii sisi tunawafuata watu kujua nani hakubali. Wewe umewafanya waje kwa miguu yao."

Shomari alitoka pale mbio. Alikwenda meza kwa meza, nyumba kwa nyumba, akiwaambia watu wazilete simu aifute ile alama. Wengi walizileta. Wengine hawakutaka. Yule mzee wa shamba alisema yeye hafutiwi heshima aliyopewa. Bi Mwantumu naye aliishika simu ya mwanawe kwa mikono miwili.

"Humu mna sauti yake."

"Sauti siigusi, mama. Nafuta ile alama tu."

"Ukikosea?"

Shomari hakujibu upesi, na Bi Mwantumu akaona kwamba hakujibu upesi.

"Iache kama ilivyo," akasema.

Siku iliyofuata askari walipita mtaani kwetu wakikusanya simu kwenye kikapu.

*

Walirudi baada ya siku chache, asubuhi, nami nilikuwa nyumbani kwa Bi Mwantumu nimekwenda kuazima kinu. Sajenti alivua kofia mlangoni. Alikuwa na uso wa mtu anayeleta heri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Tunamtafuta Sikudhani binti Mfaume."

Bi Mwantumu aliweka ungo chini. Kwa zaidi ya mwaka mmoja alikuwa ameomba mtu yeyote amtafute Sikudhani, na kila mahali aliambiwa kumtafuta ni kosa.

"Mnamtafuta?"

"Ndiyo, mama. Simu yenye jina lake imekutwa na alama. Alikataa vidakuzi juzi tu. Kwa hiyo yuko hai, Serikali imethibitisha. Tunaomba ajisalimishe, aje ajibu shitaka la kukataa."

Bi Mwantumu alijua kidole kilichobonyeza ni cha nani. Alikijua kama anavyojua mkono wake. Lakini nilimwona akisimama, akatazama nje, upande wa mtoni, na akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Mmemwona wapi?"

Sajenti alisema hawajamwona bado, akaacha hati ya kukamatwa juu ya kigoda, akaaga. Shomari aliingia huku askari wakitoka.

"Shomari, wanasema yuko hai."

"Mama."

"Wana ushahidi."

"Mama, ni wewe uliyebonyeza. Tulikuwa wote."

"Najua, baba," akasema. "Najua. Niache kidogo tu."

Shomari akakaa chini kwenye kizingiti, akamwacha kidogo. Mimi nilirudi nyumbani bila kinu.

Siku ile ile Mheshimiwa Ngwembe alihutubia taifa redioni. Alisema wazushi sasa wafunge midomo: mmoja wa vijana ambao hawajarejea amepatikana akivunja sheria, na maiti hawavunji sheria. Ama kuhusu cheti cha kifo alichoombwa na kijana fulani, alisema jambo hilo amelitazama.

*

Kesi iliendeshwa bila mshitakiwa kuwepo. Bi Mwantumu alikwenda mahakamani amevaa kanga zake mpya, akaomba kusema.

"Aliyebonyeza ni mimi, mheshimiwa hakimu. Simu ni ya mwanangu, kidole ni changu. Mwanangu amekufa. Nilimwona akianguka. Nifungeni mimi, na yeye mwandikeni kwamba amekufa."

Watu wote ukumbini waliinamisha vichwa. Hakimu alikuwa mzee mpole, akafuta miwani yake mara kadhaa.

"Mama, unakiri kosa?"

"Nakiri."

"Mahakama haikubali."

"Kwa nini, mheshimiwa?"

"Kwa sababu ukiwa umebonyeza wewe, basi yeye hakubonyeza. Asipobonyeza, hatuna ushahidi kwamba yupo. Akiwa hayupo, itabidi tuulize amekwenda wapi. Na swali hilo, mama yangu, mahakama hii haina mamlaka ya kuliuliza." Kisha akaongeza taratibu, kama anayezungumza na dada yake, "Nenda kapumzike."

Sikudhani akahukumiwa kifungo. Kwa kuwa hukumu sharti itekelezwe, alitengewa chumba katika gereza la wanawake, jina lake likaandikwa mlangoni, na mlango ukafungwa kwa kufuli. Bi Mwantumu akaruhusiwa kumpelekea chakula. Alikipeleka. Jioni askari jela mmoja, mwanamke mnene asiyesema sana, alimrudishia sahani ikiwa tupu na imeoshwa. Ikawa hivyo kila siku. Bi Mwantumu hakumwuliza anayekila ni nani. Alimwuliza tu kama chumvi inatosha.

Huenda Sikudhani angemaliza kifungo chake chote, lakini Bibi Mkaguzi aliandika tena. Alikuwa amesikia kwamba waliobonyeza Nakataa wamefungwa, na sheria ya Ulaya inasema mtu akikataa asiadhibiwe kwa kukataa kwake. Wakati huo masanduku ya maua yalikuwa yameshaanza kunuka uwanja wa ndege. Baba Mlezi akatangaza msamaha. Kitufe nacho kilibaki, kama sheria inavyotaka. Kilipakwa tu rangi ya kijivu na kusogezwa chini ya ukurasa, baada ya hotuba zote za Baba Mlezi tangu aingie madarakani.

*

Msamaha ulifanyika Uwanja wa Taifa, bendi ikipiga. Wafungwa waliitwa mmoja mmoja, na Baba Mlezi alimshika kila mmoja mkono akamkabidhi kwa jamaa zake mbele ya kamera. Yule mzee wa shamba alitoka akitembea kwa fimbo. Walipotoka kumi hivi, mshereheshaji akasoma:

"Sikudhani binti Mfaume!"

Bi Mwantumu akapanda jukwaani peke yake. Baba Mlezi alikuwa ameandikiwa la kusema na hakuambiwa zaidi. Alinyoosha mkono upande wake wa kulia, pasipokuwa na mtu, akatabasamu.

"Mama, nakurudishia mwanao. Mpokee."

Bendi ilinyamaza. Mheshimiwa Ngwembe, aliyekaa safu ya mbele, alitazama viatu vyake. Bi Mwantumu alipatazama pale mkono ulipoonyesha. Alipatazama kwa muda, nasi tukamwona akijikaza.

"Nimempokea," akasema. Sauti yake ilisikika kwenye vipaza sauti vyote. "Ahsante, Baba. Sasa kwa kuwa umenikabidhi mwanangu mbele ya watu, naomba ruhusa nikampumzishe nyumbani."

"Nenda naye, mama!" Baba Mlezi akasema kwa furaha. "Nenda naye!"

Watu waliozoea kupiga makofi walipiga. Bi Mwantumu alitandua kanga ya juu, akaikunja, akailaza juu ya mikono yake miwili, akashuka ngazi. Hakupanda gari. Alitembea barabara yote katikati ya jua, na tuliokuwa uwanjani tukamfuata. Hakuna aliyetuambia tumfuate.

Alipofika nyumbani alitoa viti nje, akatandika jamvi, akaiweka ile kanga juu yake, akakaa chini amenyoosha miguu. Wanawake wakaingia mmoja mmoja wakakaa kumzunguka. Kisha kilio kikatoka, kilio cha mwaka mzima na zaidi. Mama za wale wengine wa mazoezini nao walikuwa mle, na kila mmoja alimlilia wake kwa jina la Sikudhani, maana hilo tu ndilo lililokuwa limeruhusiwa.

Afisa wa mtaa akaja mbio. Mimi ndiye niliyekuwa mlangoni.

"Huu mkusanyiko ni wa nini?"

"Tunampokea Sikudhani," nikamjibu. "Baba Mlezi amemwachia. Hukutazama televisheni?"

"Nimetazama. Mbona mnalia?"

"Tunafurahi."

Alisikiliza. Alifungua kitabu chake cha sheria ndogo ndogo, akapekua, akakifunga. "Mtafurahi mpaka lini?"

"Siku tatu, afande. Ndiyo desturi."

Akaondoka. Baadaye tuliona mkewe ameleta gunia la mkaa.

Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, kwenye jamvi lao. Shomari hakuwa amekaa nao. Mchumba si ndugu wala si mkwe, kwa hiyo hakujua nafasi yake ni ipi, akajipa kazi ya kuchanja kuni nyuma ya nyumba. Alichanja kuni nyingi kuliko zilizohitajika. Bi Mwantumu alisikia mlio wa shoka, akaniita.

"Jirani, nani anachanja kuni?"

"Shomari."

"Kamwambie mkwe wangu aache. Akakae na wafiwa."

Nikampelekea maneno hayo kama yalivyo. Aliweka shoka chini, akanawa mikono, akaja akakaa mwanzo wa jamvi la wanaume, mahali ambapo angekaa baba wa marehemu kama angekuwa hai. Wanaume wakaanza kupita kumpa mkono. Wa kwanza alikuwa muuza mitumba, ambaye hata hakuwa anamfahamu vizuri.

"Pole sana, baba."

Kwetu jibu lake kila mtu analijua, hata mtoto mdogo: mtu husema nimeshapoa. Shomari alifungua mdomo kulitoa jibu hilo, halikutoka. Akaendelea kuushika mkono wa yule mtu, na yule mtu akachuchumaa hapo hapo mbele yake, akamwachia mkono wake, huku foleni nyuma yake ikisimama kungoja.